Je, Kitabu Kinaweza Kuwa Mjukuu?

Kichanga kikikataa kunyamaza, katika nyumba nyingi za Kisukuma hutafutwa sababu mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya zahanati: tumbo, masikio, homa. Ya pili ni ya ukoo: huenda kuna mzee amerudi na anadai jina lake. Hapo wakubwa huanza kutaja majina ya marehemu, mmoja baada ya mwingine, na likitajwa lile linalomtuliza mtoto, kazi imekwisha. Anavishwa ushanga, mizimu inaarifiwa, na kuanzia siku hiyo bibi anaweza kumwita mtoto wa wiki sita "baba" bila kucheka, kwa kuwa jina alilolibeba ni la baba yake huyo bibi.

Huko Nkome, kata ya Wilaya ya Geita iliyo kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, desturi hii ina utata wake wa ziada. Mwenye jina mara nyingi hakuzikwa hapa. Nchi hii kwa asili ni Uzinza. Wasukuma wengi unaowakuta ni watoto, wajukuu na vitukuu vya watu waliotoka Kwimba, Maswa na Shinyanga wakifuata malisho, mashamba ya pamba, samaki, na baadaye dhahabu. Wengine hawakuhama kwa hiari kamili. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma kwa hoja kwamba nchi ya katikati imejaa watu na ng'ombe kupita kiasi, ikafyeka vichaka vya mbung'o upande wa Geita ili familia zisogee magharibi. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, na waliokwisha kuzoea kukaa mji mmoja mmoja, kila kaya na makaburi yake uani, wakaambiwa wakusanyike kando ya barabara. Kaburi likabaki kule, jina likaja huku.

Kwa watu wasiokaa mahali pamoja, basi, marehemu anaishi wapi? Kaburini hapana, maana kaburi limeachwa nyuma na pengine limeshalimwa. Kwenye jina, labda. Na tangu vitabu viingie katika nchi hizi limeongezeka jibu la tatu, ambalo wasomi hulitoa kwa kujiamini sana: kwenye historia iliyoandikwa. Jibu hilo ndilo linalohitaji kupimwa.

Wanaoandika historia ya watu wa nyika wamelijua tatizo hili muda mrefu. Kuna nyika ile kubwa ya Asia, inayotoka Manchuria na kukaribia Hungaria, nchi ya Waskithi, Waxiongnu, Waturuki na Wamongolia. Nyumba ya uchapishaji ya Brill, ya Leiden huko Uholanzi, ina mfululizo mzima wa vitabu vya kitaaluma juu yao. Mfugaji wa Ziwa akisomewa kurasa zake asingeona mambo mengi ya kumshangaza: mifugo kuwa akiba na heshima, koo kugombea maji, mtawala kupimwa kwa watu wanaomfuata kuliko kwa mipaka ya ardhi yake. Kinachoshangaza ni nani aliyesema. Waskithi twawajua kwa maneno ya Herodotus, Mgiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo. Waxiongnu twawajua kwa maneno ya Sima Qian, mtumishi wa ikulu ya Uchina iliyokuwa ikipigana nao. Wenye kuta na maghala ndio waliowaandika wenye mahema, na mara nyingi waliandika wakiwa na hofu au dharau. Hata Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu chao wenyewe cha karne ya 13, imetufikia hasa kwa sababu Wachina waliinakili kwa herufi zao ili kuwafundishia wakalimani.

Kuna jambo moja lililotokea tofauti, na linafaa kukaliwa kidogo. Mwaka 731 alifariki Kul Tigin, jemadari wa Waturuki wa nyika. Mwaka uliofuata kaka yake, Bilge Khagan, alisimamisha jiwe linalozidi mita tatu katika bonde la mto Orkhon, Mongolia ya leo. Upande mmoja kuna maneno ya Kichina yaliyotumwa na mfalme wa Tang. Pande nyingine ni Kituruki kwa maandishi ya Waturuki wenyewe, na anayesema humo ni kaka mfiwa. Anaeleza vita walivyopigana pamoja, anawakaripia watu wake kwa kuvutiwa na hariri na maneno matamu ya jirani, kisha anamlilia ndugu yake waziwazi. Ni historia, ni hotuba ya kisiasa, na ni tanga la msiba kwa wakati mmoja.

Baadaye maandishi yale yakasahauliwa. Jiwe lilibaki, lakini hakukuwa na mtu duniani aliyeweza kusoma pande zake za Kituruki, hadi 1893 Vilhelm Thomsen, mwanaisimu wa Copenhagen, alipozifumbua. Kwa karne nyingi jina la Kul Tigin lilikuwa limeandikwa, halikuitwa.

Hapa ndipo John Mbiti anapohitajika. Mkamba huyu wa Kenya, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Makerere na kufariki 2019, alichapisha mwaka 1969 kitabu kilichozunguka dunia nzima juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Ndani yake aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayajengea nadharia ya wakati. Marehemu, alisema, haondoki mara moja. Maadamu yupo mtu aliyemfahamu na anayemtaja kwa jina, bado yumo katika sasa, ni mfu aliye hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemkumbuka, ndipo anapozama katika zamani, akawa pepo asiye na jina. Kifo cha kwanza ni cha mwili na cha pili ni cha kumbukumbu, na hicho cha pili ndicho cha kuogopwa.

Mbiti alipingwa. Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia wa Uganda, aliwashutumu wasomi wa Kiafrika wenye kanzu za kanisa kwamba wanaivisha miungu ya Waafrika nguo za Kigiriki ili ipendeze machoni pa wageni. Wengine walikataa dai la Mbiti kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Lakini hii sehemu ya majina imesimama kuliko nyingine, pengine kwa sababu mtu hahitaji kwenda chuo kikuu kuithibitisha. Inatosha kukaa kwenye matanga yoyote kanda ya Ziwa na kusikiliza nani anatajwa na nani hatajwi tena.

Sasa tuliweke jiwe la Orkhon mbele ya Mbiti. Je, Thomsen alipolisoma jina la Kul Tigin, alimrudisha katika sasa? Alilitamka, ndiyo. Hakumfahamu, hakuwa mtu wa ukoo wake, hakudaiwa naye hata kibuyu cha pombe. Kul Tigin naye hakuwa na uwezo wa kumtokea ndotoni na kumlaumu kwa uzembe. Msomi alipata maarifa makubwa na marehemu hakupata mdaiwa. Tofauti ya kitabu na mjukuu imejificha hapo: kwa ukoo kumkumbuka mtu ni deni, na kwa maktaba kumkumbuka mtu ni habari. Deni lina mwenye kulipa, lina siku ya kulipwa, na lina adhabu likicheleweshwa. Habari haina hayo.

Dini zilizokuja baadaye hazikulifuta deni hilo, zililipangia utaratibu mwingine. Kanisa Katoliki lina siku yake, tarehe 2 Novemba, waumini wanapowaombea marehemu wao. Kwa Waislamu kuna hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imam Muslim, inayosema kuwa amali za mtu hukatika anapokufa isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Angalia jinsi elimu na mtoto vilivyowekwa ubavu kwa ubavu. Mwalimu aliyeacha kitabu na mzazi aliyeacha mtoto wote wamebakiwa na mlango ulio wazi. Hata hivyo namna zake hazifanani: elimu inamnufaisha aliyekufa kwa kuwa watu wanaitumia, na mtoto anamnufaisha kwa kuwa anamkumbuka yeye. Makanisa ya kiroho, kwa upande wao, ndiyo yanayokata kamba kwa nguvu zaidi. Wapo wachungaji wanaowaonya wazazi wasimpe mtoto jina la mzimu kabisa, na onyo hilo lenyewe ni ushahidi kwamba jina halichukuliwi kuwa sauti tupu.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mfululizo wake wa vitabu vya makabila. Mwaka 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu vya Afrika Mashariki, iliyofahamika kwa herufi za Kiingereza EALB, na miongoni mwa kazi zake ulikuwamo mfululizo wa vitabu vyembamba vya Kiswahili ulioitwa Desturi na Masimulizi ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 Mathias Mnyampala, ambaye wengi humjua kama mshairi na baba wa ngonjera, alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Wagogo ni watu wa nyika wa Tanzania hasa: nchi kame, ng'ombe, mvua ya kubahatisha, njaa zenye majina. Alichofanya Mnyampala kwa sehemu kubwa ya kitabu ni kufuata koo, akieleza kila mmoja ulitoka upande gani hata ukafika Ugogo. Msomaji anayetafuta kabila moja lililochipuka ardhini kama mbuyu atakata tamaa. Wagogo wa Mnyampala ni wahamiaji waliokutana.

Kitabu hicho kikiwekwa karibu na kile alichotoa Hans Cory mwaka 1953 juu ya sheria na desturi za Wasukuma, tofauti inaonekana kwa jicho. Cory alikuwa Mwaustria aliyetumikia serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa jamii, mtu mwenye bidii isiyo na mfano. Kazi yake bado inatafutwa na wanasheria na watafiti. Mahari imepangwa, talaka imepangwa, urithi umepangwa. Lakini ni kitabu cha "mwanamume" na "mke" na "mrithi", cha kanuni bila watu. Hakuna mtoto anayeweza kunyamazishwa kwa kusomewa Cory. Mnyampala aliandika habari za watu aliodaiwa nao, na akikosea kulikuwa na wazee wa Ugogo wa kumwuliza.

Ng'ambo ya maji, kaskazini-mashariki mwa Nkome, kiko kisiwa cha Ukerewe, na huko aliishi mtu aliyelibeba swali hili mwilini mwake. Aniceti Kitereza alizaliwa 1896, akiwa na nasaba na watawala wa kisiwa. Wamisionari walimsomesha seminari ya Rubya, Buhaya, akajua Kilatini na lugha nyingine za wazungu, kisha akarudi nyumbani bila upadre, akaoa. Watoto waliowapata yeye na mkewe hawakuishi. Katika jamii ambayo mtu asiye na mtoto hana wa kulitaja jina lake, na kwa hesabu ya Mbiti anaingia zamani mapema kuliko wenzake, hili halikuwa huzuni ya faragha tu. Lilimgusa katika hatima yake baada ya kufa.

Kitereza hakuoa mke wa pili. Aliandika. Kwa kuhimizwa na padre mmoja Mkanada, Almas Simard, alikaa na kalamu akatunga kwa Kikerewe hadithi ndefu aliyoimaliza 1945: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Wawili wa kwanza ni mume na mke waliokosa mtoto. Wazazi wa mwanamke wanamchukua binti yao kwa kuwa ndugu wa mume wanamsimanga. Mume anakwenda ukweni kuomba arudishiwe, anatozwa mitungi ya pombe ya ndizi, na Kitereza haendi mbele mpaka amemweleza msomaji ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, na pombe inavyosafirishwa. Mganga anatafutwa, dawa inanywewa, na ndipo wanazaliwa wale wengine wawili wenye majina kwenye jalada. Mwanamume asiye na mtoto alitumia miaka yake kuandika jinsi watoto wanavyopatikana. Wahakiki waliozoea riwaya za haraka hulalamika kwamba kitabu kimejaa maelezo ya jembe, uvuvi, maradhi na maamkizi. Wanasahau kwamba mwandishi hakuwa na mtu wa kumwonyesha mambo hayo kwa mikono.

Muswada ule ulikaa bila mchapishaji kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walikuja Ukerewe kukusanya masimulizi. Kitereza, aliyekuwa mzee, akawa mwalimu wao, na kwa kutiwa moyo nao akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa 1980 kwa juzuu mbili, zilizochapwa Uchina. Kitereza alifariki 1981, na nakala zilimkuta ameshazikwa. Baadaye Mjerumani Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani, na Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, akaitoa kwa Kiingereza mwaka 2002 akifasiri moja kwa moja kutoka Kikerewe.

Je, Kitereza yumo katika sasa? Jina lake linatajwa vyuoni kila muhula, na watu ambao hawajawahi kuvuka kwenda Ukerewe wanaijua huzuni ya Bugonoka. Mtu akishikilia kwamba kitabu hakiwezi kuwa mjukuu, Kitereza ni kikwazo kizito. Ruhumbika kwa mfano hakufanya kazi ya Thomsen. Aliirudia lugha ya nyumbani, neno kwa neno, kama mtu anayelipa kitu. Kinachoonekana hapa ni kwamba kitabu kinaweza kuzaa wadaiwa pale ambapo damu haikuzaa, ingawa hakiwazai kwa kuchapwa tu. Anahitajika msomaji atakayejiona amepewa mzigo. Vitabu vingi havimpati.

Kuna pingamizi, nalo si dogo. Deni hupinda ukweli. Mjukuu anayemkumbuka babu kwa kuwa anamwogopa au anamhitaji si shahidi wa kutegemewa. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo na Rwanda na kuchapisha 1961 kitabu kilichowafundisha wanahistoria kuyachukua masimulizi kama ushahidi, alisisitiza kwamba kila simulizi lina msimuliaji na kila msimuliaji ana maslahi. David Henige alikwenda mbali zaidi mwaka 1974. Alionyesha jinsi orodha za watawala zinavyorefuka pale urefu unapoleta faida, kwa mfano serikali ya kikoloni inapotaka kujua ukoo upi ni wa kale zaidi ili uupe kiti. Alionyesha pia kwamba mtafiti anaweza kumhoji mzee na kusimuliwa kwa ufasaha mambo ambayo mzee huyo, au baba yake, aliyasoma katika kijitabu cha misheni. Kitabu kikaingia kinywani, kikatoka tena kama mapokeo ya mababu.

Ukoo, tena, huwakumbuka unaowahitaji. Watumwa walioingizwa nyumbani na kupewa majina ya wenyeji, wanawake walioolewa mbali, vijana waliokufa kabla ya kuoa, wote hao hudondoka kwenye orodha bila mtu kuona dhambi. Hapo msomi asiyedaiwa na mtu ana sifa yake: anaweza kumwuliza mtemi habari za mtumwa. Mwenye haki ya kulalamika kwamba historia ya kitaaluma haina upendo lazima pia akubali kwamba upendo wa ukoo una mipaka ya ukoo.

Wasukuma wenyewe walipata njia ya tatu, isiyo ya damu wala ya karatasi. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma: nani ana dawa ya kuvuta watazamaji wengi zaidi. Wafuasi wa kwanza wakaitwa Bagika, wa pili Bagalu, na vyama hivyo viwili vimegawana uwanja wa ngoma wa Usukuma mpaka leo, kwenye mashindano ya baada ya mavuno na kwenye sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika alijenga makumbusho ya Wasukuma. Kijana anayeingia Bagika hahitaji kuwa wa ukoo wa Ngika. Anaingia, anapewa dawa, anajifunza nyimbo, na kuanzia hapo ana wajibu wa kuwashinda Bagalu. Ngika amejipatia wajukuu wa kuandikishwa. Mtu akitaka kujua ni wahenga gani wa mbugani wanaoitwa kwa sauti kubwa kuliko wote, asiende maktaba, aende uwanjani mwezi Juni. Ila ngoma nayo ina uchoyo wake: imehifadhi jina na ugomvi, imeacha mengi ya maisha.

Ukitoka Nkome kuelekea kusini unaingia nchi ya dhahabu. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19; mgodi mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Pembeni yake, huko Nyarugusu, Mgusu na kwingineko, kuna wachimbaji wadogo wanaoteremka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa kamba. Wanatoka Kigoma, Mara, Kagera, Singida, Burundi. Wengi hujulikana kwa jina la utani tu, na mtu anaweza kukaa msimu mzima na mwenzake wa shimo moja bila kujua jina la baba wa mwenzake huyo. Mwaloni Nkome hali inakaribiana na hiyo. Wavuvi wa dagaa hulala kambini, huhama na giza la mwezi, na mtumbwi una namba ya usajili iliyo wazi kuliko jina la anayeuendesha. Hawa ndio watu wa nyika wa zama hizi. Ziwa likimchukua mmoja, au duara likititia, kuna uwezekano wa kweli kwamba waliomzika hawana wa kumpigia simu.

Mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka alikuwa na ukaidi mmoja unaofaa kukumbukwa hapa. Kuanzia miaka ya 1970 alikwenda vijijini kuzungumza na wazee wenye fikra, na alikataa katakata kuandika kwamba "Waluo huamini" au "Waafrika husema". Aliandika fulani bin fulani, wa mahali fulani, alisema hivi, na nilipombishia alijibu vile. Wapinzani wake walisema hiyo ni anthropolojia iliyovaa joho la falsafa. Huenda. Lakini mzee aliyetajwa kwa jina ameachwa na uwezo wa kulaumiwa na kutetewa, na wajukuu wake wanaweza kuja kudai kwamba babu hakusema hivyo. "Waluo" hawana mjukuu wa namna hiyo.

Ajabu ni kwamba maandishi ya Tanzania yanayolikiri deni la wafu waziwazi kuliko vitabu vya historia ni sheria kavu. Ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotumika ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Inaruhusu kaburi lihamishwe, inataka wahusika waarifiwe, na inaweka mipaka ya fidia: gharama zinazofaa za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko ya kuwatuliza wafu. Bunge la nchi isiyo na dini rasmi lilikaa, likaandika kwamba mfu anaweza kuwa na kinyongo na kwamba kukituliza kuna gharama.

Sheria hiyo inamhitaji mtu. Fidia hulipwa kwa mwenye haki juu ya kaburi, ndugu anayejitokeza na kusema huyu ni wetu. Kwenye ardhi iliyokaliwa na wahamiaji kwa tabaka, Wazinza chini, Wasukuma juu yao, wachimbaji na wavuvi juu yao tena, kuna makaburi ambayo ndugu zake wako Maswa na hawana habari, na mengine ambayo aliyezikwa alijulikana kwa jina la utani. Kama siku moja utaandikwa chuoni Dar es Salaam au Mwanza mfululizo wa vitabu juu ya watu wanaohama wa kanda ya Ziwa, kabla ya orodha za watemi, ambazo zipo na zimeshabishaniwa vya kutosha, kuna kazi ya kuanza nayo kwenye makaburi hayo: nani amelala hapa, alitoka wapi, jina la nyumbani lilikuwa nani, na nani alipelekewa habari.